Baba alihesabu mshahara wangu, kesho yake akaomba sindano

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara tatu. Nilitaka kwanza niulize habari za kodi ya mshahara, halafu siku nyingine nilete la baba. Nimeshindwa kuyatenganisha, maana kwangu yote mawili yaliingia ndani kwa mlango mmoja.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Naishi Mbagala na mke wangu na mtoto wetu mmoja, na ni fundi wa mitambo katika kampuni ya kusindika vyakula hapa Dar es Salaam. Baba ana miaka 71. Alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la mkonge huko Korogwe, mtu wa daftari na kalamu sikioni. Hata leo ukimtuma mtoto dukani, chenji lazima ipite kwake kwanza. Mwaka jana chakula kilianza kumkwama. Akahamia kwenye uji, akakonda, tukamleta mjini, ikaonekana ni saratani ya koo la chakula na imeshatembea. Mama alitangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita, kwa hiyo baba yuko kwangu.

Mionzi amepata. Dripu za kemo alipata mizunguko minne, wa tano akagoma. Sasa daktari anashauri awekewe mpira wa kulishia tumboni, baba hataki. Usiku analia kwa maumivu. Shangazi, mimi baba yangu sijawahi kumsikia akilia, hata siku tuliyomzika mama. Dawa alizonazo ni panado na tramadoli, na siku nyingine hata kuzimeza hawezi.

Mwezi uliopita nilirudi na slipu ya mshahara nikaiacha mezani. Mshahara wa msingi 950,000, posho ya nyumba 150,000, ya usafiri 100,000, jumla 1,200,000. Makato: NSSF ya akiba ya uzeeni 120,000, PAYE, yaani kodi ya mshahara, 188,000, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi 142,500. Kilichobaki mkononi 749,500. Baba akaiomba, akavaa miwani, akafungua daftari lake. Akamuuliza mke wangu bei za dawa, bajaji ya kwenda hospitali, maziwa, na yale maziwa ya kopo ya wagonjwa. Akapata 380,000 kwa mwezi. Akapiga mstari, chini yake akaandika: "Zaidi ya nusu." Hakusema neno, akaenda kulala.

Kesho yake asubuhi akaniita peke yangu. "Mwanangu, mwambie daktari anipe sindano ya kulala nisiamke. Mimi nimeshamaliza. Wewe una mtoto wa kusomesha."

Nikampigia mdogo wangu wa kike aliyeolewa Uholanzi. Akasema huko mgonjwa kama baba anaruhusiwa kuomba kifo cha huruma na daktari anamtimizia, ni sheria, na sisi huku tunawaacha wazee wateseke tukisingizia dini. Akauliza kama tunaweza kumpeleka kwake. Mdogo wetu wa kiume, ni bodaboda huko Korogwe, aliposikia akasema hata kulitamka jambo hilo ni kufuru, na tukiendelea yeye tusimhesabu kuwa ndugu. Mimi niko katikati.

Na kuna kitu sijamwambia mtu. Baba alipotamka lile neno, kabla machozi hayajanitoka, moyo wangu ulitua. Kwa sekunde moja tu, kama mtu aliyeshushiwa gunia. Tangu siku hiyo siwezi kumtazama usoni.

Kuhusu kodi: nimeshachukua mkopo wa kausha damu wa 300,000. Kazini wameniita mara mbili niwe msimamizi wa zamu kwa posho ya 200,000, nimekataa mara zote mbili, kwa sababu wenzangu wanasema nimeshavuka milioni, na huko PAYE inakula asilimia 30 ya mshahara mzima, unaongezwa pesa unarudi nyumbani na pungufu. Ni kweli? Hakuna nafuu ya kodi kwa anayemuuguza mzazi? Na anachokiomba baba, ni kosa kumpa?

Mtoto wa Kwanza, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Poleni kwa uuguzi, na mke wako mpe pole yake peke yake, maana naona bei zote anazijua yeye.

Nitaanza na karatasi. Usidhani nakwepa la mzee. Mzee wako mwenyewe alianza na karatasi.

Slipu yako ina kosa. Niliisoma mara ya kwanza nikahisi kitu hakijakaa sawa, nikachukua kikokotoo, nikaona. PAYE haikatwi kwenye 1,200,000. Mchango wako wa NSSF unatolewa kwanza, halafu kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi. Toa 120,000, inabaki 1,080,000. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia.

Sasa ipandishe ngazi, kwa viwango vya Tanzania Bara vinavyotumika tangu Julai 2021. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, ambayo ni 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, yaani 48,000. Kutoka 760,000 hadi milioni ni asilimia 25, nayo ni 60,000. Mpaka hapo umeshalipa 128,000. Juu ya milioni ndiko iliko ile asilimia 30 wanayokutishia nayo, na wewe juu ya milioni una 80,000 tu. Asilimia 30 yake ni 24,000. Jumla 152,000.

Wao wamekukata 188,000. Nilijiuliza hiyo 188,000 imetoka wapi, nikajaribu kukokotoa bila kutoa NSSF: 128,000, jumlisha asilimia 30 ya 200,000 ambayo ni 60,000. Ikatokea hiyo hiyo. Mtu aliyeandaa mishahara yenu ameruka hatua moja, na hatua hiyo inakugharimu 36,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 432,000, inazidi ule mkopo wako wa kausha damu wote.

Nenda kwa mhasibu ukiwa mpole. Usiende na wenzako kumi, usiende na neno wizi. Mara nyingi ni fomula kwenye kompyuta iliyokosewa siku ya kwanza ikaachwa hivyo hivyo. Mwonyeshe hesabu kama nilivyokuonyesha, omba arekebishe mwezi huu na akueleze ya nyuma yatarudije. Mwajiri anatakiwa kuipeleka PAYE ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, kwa hiyo fedha yako ama iko kwa mamlaka ya mapato, TRA, tayari, ama haikufika huko kabisa, na hilo la pili ni kesi nyingine. Akikuzungusha, chukua slipu zako zote na namba yako ya mlipakodi uende mwenyewe ofisi ya TRA. Wenzako wa kiwandani, waliokufundisha kwamba nyongeza inapunguza mshahara, nao huenda wanakatwa vile vile.

Nao wamekudanganya, ingawa kwa nia njema. Asilimia 30 haigusi mshahara mzima. Inagusa kile tu kilichovuka milioni, na zile ngazi za chini zinabaki na viwango vyake. Chukua hiyo posho ya 200,000 tuione. NSSF inachukua 20,000. Inabaki 180,000, kodi yake asilimia 30 ni 54,000. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na msingi wako haujabadilika, kwa hiyo haiongezi kitu. Unarudi nyumbani na 126,000 zaidi. Umezikataa mara mbili, mwanangu, kwa maneno ya kantini.

Nafuu ya kuuguza mzazi, hapana, haipo. Kodi yetu ya mshahara haiulizi nyumbani mko wangapi. Mwenye watoto sita na kapera mwenye mshahara kama wake wanakatwa sawa. Kuna mlango mdogo tu: matibabu au bima ambayo mwajiri anawalipia wafanyakazi wote bila ubaguzi haihesabiwi kuwa kipato chako, lakini sheria imeitaja familia kwa jinsi inavyoitaja yenyewe, wewe, mwenza wako na watoto wasiozidi wanne. Mzazi hayumo. Walioandika walikuwa na picha ya nyumba ambayo babu haishi ndani, na sijui ni nyumba ya nani hapa kwetu. Hata hivyo, suala la kodi ni moja na suala la bima ni jingine. Uliza kazini kama bima mliyonayo inakubali mzazi aandikwe kuwa tegemezi.

Mkopo wa kausha damu umalize kabla ya kitu kingine chochote. Sitaongeza neno, unajua mwenyewe wanavyokusubiri getini siku ya mshahara.

Basi tuje kwa mzee.

Rudi kwenye mpangilio wa siku ulioniandikia. Miezi yote ameugua, amechomwa mionzi, amepoteza chakula, amelia usiku, hakuomba sindano. Ameomba asubuhi iliyofuata baada ya kuandika "Zaidi ya nusu." Na alipoomba, hakusema maumivu yamemshinda. Alisema wewe una mtoto wa kusomesha. Mtunza stoo alifunga hesabu, akaona kuna bidhaa moja inakula faida yote, akapendekeza iondolewe.

Huko Oregon, jimbo la Marekani lililopitisha sheria ya aina hii kwa kura ya mwaka 1994, daktari huandika sababu alizozitaja mgonjwa aliyeomba dawa ya kufa, na kila mwaka serikali inazichapisha. Wengi wetu tungekisia maumivu ndiyo yanayoongoza. Hayaongozi. Juu kabisa ni kushindwa kujiendesha na kukosa yale yaliyokuwa yakiwapa raha ya kuishi. Na hofu ya kuwa mzigo kwa nyumba imetajwa na wengi, miaka mingine karibu nusu yao. Hao ni watu wa nchi tajiri. Baba yako, aliyeona kwa macho yake karatasi ya makato, yuko kwenye mstari huo huo.

Dada yako hajasema uongo. Uholanzi ilikuwa nchi ya kwanza kuwa na sheria kamili ya jambo hili, ilianza kutumika Aprili 2002, na Ubelgiji ikafuata mwaka huo huo. Kanada iliruhusu mwaka 2016, Hispania 2021. Mwaka 2024 Waholanzi walipokea taarifa 9,958 za vifo vya namna hiyo, wengi wao wagonjwa wa saratani kama mzee. Lakini mwulize dada yako akusomee masharti yao. Daktari lazima aridhike kwamba ombi limetoka kwa mgonjwa mwenyewe na amelifikiria vyema, kwamba mateso hayavumiliki na hayana matumaini ya kupungua, na kwamba hakuna njia nyingine ya maana iliyobaki. Daktari wa pili asiyehusika anamwona mgonjwa, na baadaye kamati inakagua.

Shika hilo la njia nyingine. Mgonjwa wa Utrecht, huko Uholanzi, anapofika kwenye ombi hilo ana bima, maana kwao ni lazima kila mkazi awe nayo, ana daktari wa familia anayemjua, na mofini, ile dawa kali ya maumivu, ameshapewa siku nyingi. Mzee wako yuko kwenye panado na tramadoli. Hata kwa sheria ya Waholanzi wenyewe, wangemrudisha nyumbani kwanza atibiwe maumivu. Na wazo la kumpandisha ndege, achaneni nalo. Sheria ile imejengwa juu ya daktari anayemfahamu mgonjwa wake. Haikutengenezewa mgeni wa wiki mbili.

Hapa kwetu jibu la sheria ni fupi. Daktari akimchoma sindano hiyo, ameua, na ridhaa ya mzee haimwokoi. Sheria yetu ya adhabu inasema aliyeharakisha kifo cha mgonjwa ambaye angekufa hata hivyo, amesababisha kifo. Na anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Kwa hiyo usimpelekee daktari ombi hilo kwa namna inayomfanya ajitetee, utafunga mlango unaouhitaji.

Mwaka 2015, Afrika Kusini, wakili aitwaye Robert Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani, alikwenda mahakamani Pretoria kuomba daktari aruhusiwe kumsaidia kufa. Jaji akakubali. Wakili mwenyewe alikuwa ameshafariki saa chache kabla ya amri kutoka, bila hiyo sindano, na mwishoni mwa mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaifuta. Nikisoma hoja za upande wake sicheki. Alisema mwili ni wake, maumivu ni yake, na heshima aliyoishi nayo haitaki aiache kitandani. Anayesema hoja hiyo haina uzito hajakaa kando ya kitanda usiku.

Mimi nimekaa. Mama yangu aliugua saratani ya kizazi, na katika hospitali moja ambayo sitaitaja muuguzi alituambia mofini hampi kwa sababu "atazoea." Mama alikuwa na wiki tatu za kuishi. Nilitamani afe, mwanangu. Nilitamani hivyo nikiwa nimemshika mkono. Kwa hiyo ile sekunde yako ya gunia kushuka naifahamu, hata uzito wake naufahamu. Ulichotamani kiishe ni kile kilio cha usiku, na mwili ukatangulia kusema kabla akili haijapanga maneno. Mtu anayetaka baba yake afe haandiki barua ndefu hivi. Mtazame usoni leo leo, ukirudi kazini.

Ukiniuliza msimamo wangu, sitaki ihalalishwe hapa kwetu, na sababu yangu ya kwanza wala si ya dini. Nchi ambayo mgonjwa anaweza kufa bila kuonjeshwa mofini, ukimpa ruhusa ya kuchagua kufa, hujampa chaguo lolote. Umempa mlango mmoja ukauita miwili. Na wazee wetu wana adabu ya kuondoka mezani kabla chakula hakijaisha. Ukiwaambia sindano ipo na ni halali, wataiomba kwa adabu hiyo hiyo, wala wajukuu hawatajua kwamba kilichoombwa kilikuwa ada ya shule. Lakini wapo wachache ambao hata dawa nzuri haiwafikii. Kwa hao sina jibu linaloniridhisha, na mtu akiniambia analo huwa namtilia shaka.

Mdogo wako wa Korogwe naye ana haki yake. Qurani imesema wala msijiue, Surat an-Nisaa aya ya 29, na hakuna mwanazuoni atakayekuhalalishia hiyo sindano. Ila mwambie asichanganye mambo mawili. Mzee kukataa kemo ya tano na kukataa mpira wa tumboni hakujamfanya mtu wa kujiua. Anakataa usumbufu usiomponya. Wakatoliki nao wana mafundisho hayo, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliyasema wazi mwaka 1957: mtu halazimiki kubeba tiba iliyo nzito kupita kiasi, na dawa ya kutuliza maumivu ni halali hata kama ingefupisha siku. Kwenye chumba cha mgonjwa kufanya kitu ili afe ni jambo moja, kuacha kuuzuia ugonjwa kwa nguvu ni jambo jingine, na ndugu wengi wanaogombana mlangoni wanagombania lile la pili wakidhani ni la kwanza.

Maumivu, sasa. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limeweka ngazi tatu za kutuliza maumivu ya saratani: chini panado na wenzake, katikati dawa kama kodeini na tramadoli, juu mofini. Baba yako amekwama ngazi ya pili, na tena ni vidonge, kwa mtu mwenye koo lililoziba! Mofini ya maji ipo, inanywewa kwa kijiko au bomba la sindano lisilo na sindano, na mtu asiyeweza kumeza kidonge anaiweza. Hapo mjini mlipo, Taasisi ya Saratani Ocean Road ina huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa hata kama ugonjwa hauponi. Hilo ndilo neno la kutaja ukifika dirishani, tiba shufaa, maana ukisema "baba anaumwa" watakurudisha kwenye foleni ya kemo. Uganda wameifanya kazi hii tangu 1993, Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa kwa mofini ya unga inayochanganywa na maji, rahisi kiasi cha kufika vijijini. Baadaye nchi ikawaruhusu hata wauguzi waliosomea kuiandika. Si dawa ya Ulaya.

Utasikia kwamba mofini ni ya kufia. Ikipandishwa polepole kwa kufuata maumivu, haiui. Hunywewa kwa saa, kila baada ya saa nne, haisubiri mgonjwa alie. Siku za mwanzo atasinzia, usiogope, na asipopewa dawa ya kulainisha choo atakuja kukulaumu, kwa hiyo idai siku hiyo hiyo. Chupa itunzwe na mtu mmoja, na ifungiwe kabatini. Sisemi hivyo kwa ajili ya mtoto peke yake. Mzee aliyesema amemaliza, dawa na sumu za panya hazikai karibu na kitanda chake.

Muulize pia daktari kama kuna kinachoweza kumfungulia koo kidogo, mionzi michache au kile kibomba kinachotanua njia ya chakula. Havimponyi. Lakini mtu aliyekunywa chai yake mwenyewe asubuhi hazungumzi sawa na mtu aliyeshindwa kumeza mate.

Baada ya hapo kaa naye. Usimwambie "baba usiseme hivyo," ukimfunga mdomo atabaki na wazo peke yake. Muulize wazi: baba, ulipoomba sindano, ulikuwa unaogopa nini? Maumivu? Kukosa hewa? Kunichosha? Nyamaza, acha ajibu. Akisema anafikiria kujimaliza kwa mkono wake, mwambie daktari siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Maumivu yakishatulia kwa wiki mbili, muulize tena kama bado anataka ile sindano. Sikuahidi jibu.

Halafu fungua daftari lake. Yeye ni mtu wa namba, maneno matamu hayatamfikia. Mwonyeshe kwamba karatasi aliyotumia ilikuwa na kosa: mkononi ilitakiwa iwe 785,500, na 380,000 haifiki nusu yake. Ukiongeza posho ya usimamizi inakuwa 911,500. Na kosa kubwa zaidi ni lake mwenyewe, mwambie bila kumwogopa: aligawa kwa mtoto mmoja wakati ana watatu. 380,000 kwa watatu ni 126,667. Niliposhusha hesabu hii nilicheka peke yangu, maana posho uliyoikataa mara mbili inakupa 126,000.

Fungu la pili ni la Uholanzi. Dada yako ana moyo, ila umbali unamfanya mtu aone suluhisho kubwa kuliko lile dogo la kutuma fedha kila tarehe moja. Mwombe hilo dogo. Wa Korogwe hana fedha hizo, usimdai, lakini ana mikono. Aje wiki moja kila mwezi amgeuze mzee usiku, amwogeshe, mke wako alale. Akishalala wiki moja chumba kimoja na kile kilio atapunguza kutoa fatwa, nawe utapata ndugu wa kuongea naye.

Usimamizi wa zamu sijui kama una zamu za usiku. Kama zipo, kwanza elewana na mke wako, maana hizo 126,000 yeye ndiye atakayezilipa kwa usingizi. Kama zipo za mchana tu, kaseme ndiyo Jumatatu.

Na ukienda kwa mhasibu peleka nakala za slipu. Zenyewe mwachie mzee, atataka kuzikagua tangu mwezi wa kwanza.